Rubani wa droni avae kizibao cha kung'aa?

Kwa Kiswahili tumezoea kuiita droni "ndege isiyo na rubani", na jina hilo limetuponza. Rubani yupo. Yuko juu ya paa la ghorofa, nyuma ya ukuta wa jirani au kivulini chini ya mwarobaini, macho kwenye kioo na vidole gumba kwenye vijiti viwili vya kuongozea. Shida yetu naye ni kwamba haonekani. Watu wakisikia ule mvumo kama wa nyuki juu ya nyumba hutazama juu, kisha hutazamana wao kwa wao, na hapo ndipo mambo huharibika.

Nimeulizwa zaidi ya mara moja kama anayerusha droni mahali penye watu hafai kuvaa kile kizibao cha rangi kali, kile ambacho vijana wa bodaboda hukiita riflekta, ili ajulikane ni yeye. Jibu langu ni kwamba afaa. Lakini si kwa sababu ambazo watu wengi hutoa, na kizibao kitupu kisicho na maandishi naona ni bora kisivaliwe kabisa. Nitaeleza.

Nianze na kilichonifanya nilifikirie jambo hili. Tulikuwa na arusi ya binti wa shangazi yangu, Mji wa Kale, Mombasa. Ilikuwa alasiri ya kutia hina, kina mama wamejaa kwenye ua ulio wazi juu. Mlangoni palikaa msichana na kapu la kukusanya simu za kila anayeingia, kama ilivyo ada siku hizi, maana wanawake ndani huwa wamevua mabuibui na hakuna anayetaka kujiona kesho kwenye kundi la WhatsApp. Sisi wanaume tulikuwa nje barazani na kahawa yetu. Mara ule mvumo. Droni ilipita juu ya ua, ikasita, ikarudi, ikaelea. Tulisikia mayowe ndani, kisha vurumai ya watu kutafuta leso na kukimbilia chini ya dari.

Vijana wakatoka mbio kumtafuta mwenyewe. Kwenye pembe ya kichochoro wakamkuta kijana wa miaka kumi na sita hivi, kainama, simu kaishika kwa mikono miwili. Hawakuuliza. Mmoja alimkaba shingo, mwingine akampokonya simu, wa tatu tayari kakunja ngumi. Mtoto analia kwamba anacheza mpira kwenye simu tu, wallahi. Aliyemwokoa ni mzee mmoja aliyekuja polepole na mkongojo wake. "Mwachani mtoto wa watu," akasema. "Simu yake munayo nyinyi, na kidude kingali chazunguka juu. Sasa chaendeshwa na nani, na jini?"

Rubani tulimpata baadaye, juu ya paa vichochoro viwili mbele. Alikuwa akipiga picha za bahari na majahazi kwa ajili ya tangazo la biashara. Habari za arusi hakuwa nazo. Alitetemeka kuliko yule mtoto. Alizifuta picha mbele ya wazee wawili, akaomba radhi, na yakaisha kwa wema, ingawa shangazi yangu mpaka leo hataki kulisikia neno droni.

Kizibao kisingeizuia ile droni kupita juu ya ua. Ni vyema tukubaliane hapa mwanzo, kwa kuwa wanaokitetea hukizungumzia kana kwamba kinaongeza usalama wa chombo angani. Hakiongezi. Droni itaanguka vilevile betri ikiisha, na kamera itaona vilevile. Lakini kingemwokoa yule kijana wa simu. Na mtu yeyote aliyekuwa kwenye paa la jirani angemwona rubani mapema, akamwambia: bwana, pale kuna wanawake, geuza.

Nyumba zetu za kale zilijengwa kwa kuogopa jicho la mpita njia. Atakayeingia nyumba ya mawe ya Lamu atakuta daka, kisha tekani, kisha ndiyo kiwanda, na njia imepindishwa makusudi ili mlango ukiwa wazi aliye nje asione ndani. Madirisha ya chini ni machache na yako juu. Kiwanda peke yake ndicho kilichoachwa wazi kwa mbingu, kwa ajili ya mwanga na upepo, kwa sababu hakuna aliyedhani kwamba kuna jirani atakayekuja kutoka huko. Mgeni wa ardhini hupiga hodi, akangoja, na akiitikiwa "karibu" mara nyingine husikia pia "ngoja kidogo", watu wajistiri. Droni haipigi hodi. Haina pa kuipigia. Anayeweza kuipiga ni mtu aliye chini, na hawezi kuipiga akiwa amejificha.

Neno rubani lenyewe lilikuwa la baharini kabla halijawa la angani. Lilitujia kwa Kiarabu, na lilimaanisha mjuzi wa miamba na mikondo anayepitisha chombo mahali ambapo nahodha mgeni angekipasua. Vasco da Gama alipofika Malindi mwaka 1498 shida yake kubwa ilikuwa rubani wa kumvusha hadi India, na mfalme wa Malindi akampa mmoja. Mpaka leo meli ikipita na rubani wa bandari ndani yake hupandisha bendera ya herufi H ya alfabeti ya kimataifa ya mabaharia, nusu nyeupe upande wa mlingoti na nusu nyekundu. Maana yake ni moja: humu mna rubani. Haiifanyi meli iende vizuri zaidi. Inawajulisha wengine walio majini kwamba kuna mtu anayeongoza na ni nani wa kuongea naye. Kizibao cha rubani wa droni naona kingekuwa na kazi hiyohiyo, si zaidi.

Sasa sheria, kwa sababu wengi wanaorusha droni huku kwetu hawajawahi kuiona. Kanuni zinazotumika Kenya ni za mwaka 2020, na msimamizi wake ni mamlaka ya safari za ndege nchini, KCAA. Zilikuja baada ya zile za 2017 kubatilishwa na Bunge. Mmiliki awe ametimiza miaka 18. Droni isajiliwe. Isipae zaidi ya futi 400 kutoka ardhini, yaani kama mita 120. Isiwe chini ya mita 50 kutoka kwa mtu, gari au jengo ambalo haliko chini ya usimamizi wa anayeirusha. Rubani aione kwa macho yake muda wote, si kwa kioo tu. Usiku hairushwi bila idhini maalumu. Na anayebeba kamera ana wajibu wa kuheshimu faragha za watu, jambo ambalo tayari liko kwenye Kifungu cha 31 cha Katiba na kwenye Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019.

Kuna sharti moja ambalo Pwani linatugusa kuliko sehemu nyingi za nchi. Droni hairuhusiwi kurushwa ndani ya kilomita 10 kutoka kiwanja kikubwa cha ndege, au kilomita 7 kutoka kiwanja kidogo, mpaka upate ruhusa. Chukua ramani uzungushe duara. Kutoka Uwanja wa Ndege wa Kimataifa wa Moi hadi kivuko cha Likoni ni kama kilomita 9 kwa mstari ulionyooka, kwa hivyo Changamwe, Makupa, Majengo na Tudor zote zimo, na Mji wa Kale uko ukingoni mwa duara. Malindi kiwanja kiko karibu kabisa na mji. Diani, ufuo hauko mbali na kiwanja cha Ukunda. Lamu ndiyo usiseme: kiwanja cha Manda kiko ng'ambo ya mkondo tu, ndege zinazotua waziona kutoka gati la mji. Basi karibu kila picha nzuri ya droni ya gati la Lamu au ya mchanga wa Diani imepigwa mahali panapotaka ruhusa. Sisemi waliozipiga hawakuwa nayo. Nasema mwananchi ana haki ya kuuliza, na ili aulize ni lazima amjue wa kumuuliza.

Pia kuna usalama wa nchi. Mtongwe, upande wa Likoni, kuna kambi ya wanamaji. Kaunti ya Lamu imeishi na operesheni za Msitu wa Boni tangu 2015, na Januari 2020 kambi ya Manda Bay ilishambuliwa alfajiri. Mtu wa Hindi au Mkunumbi akisikia kitu kinavuma angani wala hakioni vizuri, hawazi video ya arusi. Na askari anayetumwa kuangalia huenda akamkuta kijana kajibanza nyuma ya kichaka na mkoba mweusi na kifaa chenye antena mkononi. Fikiria tofauti ya mkutano huo iwapo kijana amesimama peupe, kizibao cha rangi ya chungwa mgongoni, maandishi yanasomeka kutoka mbali, na barua ya ruhusa iko mfukoni.

Nchi zenye droni nyingi kuliko sisi zimelishughulikiaje? Marekani na Uingereza hazikumlazimisha rubani wa kawaida kuvaa kizibao. Marekani imechagua njia ya redio: droni zinazotakiwa kusajiliwa lazima zitangaze hewani utambulisho wake pamoja na mahali ilipoanza safari au alipo anayeiongoza, na tangu Machi 2024 asiyetii anaweza kuadhibiwa. Mtu mwenye programu kwenye simu yake anaweza kuunasa utambulisho huo. Ni ufundi mzuri, na ukifika kwetu nitaupokea kwa mikono miwili. Lakini kumbuka lile kapu la simu mlangoni. Bibi yangu aliyeko uani hana programu. Ana macho, na ana mjukuu wa kumtuma: nenda kamwambie yule mwenye kizibao aondoe dude lake.

Huko ughaibuni, na hata hapa kwetu bandarini au kwenye ujenzi wa madaraja, utawaona marubani wa droni wamevaa vizibao. Hiyo ni kanuni ya eneo la kazi, ili dereva wa lori au wa winchi asiwagonge, na haina uhusiano na droni. Wengi huchanganya mambo haya mawili.

Kuhusu kizibao chenyewe, nilikuwa nadhani ni kitambaa cha rangi kali tu, mpaka niliposoma jinsi kinavyofanya kazi. Kina vitu viwili tofauti. Cha kwanza ni kitambaa. Rangi yake hupokea miale ya jua ambayo macho yetu hayaioni, ile ya urujuanimno, na kuirudisha kama mwanga unaoonekana. Ndiyo maana kizibao huonekana kama kinawaka kuliko vitu vilivyokizunguka, hasa siku ya mawingu au jua linapochwa. Cha pili ni zile tepe za kijivu. Zimejaa chembe ndogo mno za kioo au vipande vya pembe pembe vinavyorudisha mwanga kule ulikotoka, kwa hivyo dereva mwenye taa huziona ziking'aa lakini aliyesimama pembeni haoni kitu. Usiku bila taa ya gari, kitambaa hakisaidii. Mchana, tepe hazisaidii. Na kwa kuwa droni yatakiwa irushwe mchana, rubani anahitaji kitambaa kizuri kuliko tepe nyingi.

Kiwango cha kimataifa cha mavazi haya, ISO 20471 cha mwaka 2013, kinakubali rangi tatu: manjano, chungwa iliyokolea kuelekea nyekundu, na nyekundu. Kinagawa mavazi katika daraja tatu kwa ukubwa wa kitambaa kinachoonekana. Daraja la kwanza si chini ya mita mraba 0.14, la pili 0.50, la tatu 0.80. Vingi vya vile vizibao vyembamba vya wavu tunavyouziwa barabarani havikaribii daraja la pili, na jua letu likivipiga miezi kadhaa, na chumvi na sabuni juu yake, rangi hufa. Utakiona cha manjano kimekuwa kama maziwa yaliyoganda. Hicho kitupe, au mpe mtu wa kuoshea gari.

Rangi ipi? Manjano hapa kwetu imeshachukuliwa. Tangu Sheria ya Trafiki iliporekebishwa 2012 mwendeshaji pikipiki na abiria wake hutakiwa kuvaa jaketi lenye kuakisi mwanga, na ingawa abiria hawajawahi kulitia maanani sana, bodaboda wamelifanya vazi lao la taifa, limejaa majina ya wagombea wa uchaguzi uliopita. Ongeza wafanyakazi wa kaunti na wa kuegesha magari. Ukisimama pale Buxton ukatafuta mtu wa kizibao cha manjano utapata thelathini. Chungwa naona ni afadhali, hasa ufuoni na penye majani, ingawa nayo haimaanishi kitu peke yake.

Hapa ndipo ninapotofautiana na wanaosema "vaeni vizibao, basi". Kizibao kitupu husema uongo. Kwetu mtu mwenye kizibao huchukuliwa kuwa ana idhini fulani: wa kanjo, wa stima, wa maji. Watu humpisha, mlinzi humfungulia lango. Anayetaka kuchungulia nyumba za watu atakinunua kwa bei ya sahani ya pilau na kusimama popote bila kuulizwa. Rubani asiye na usajili akivaa kizibao hatakuwa amejitambulisha. Atakuwa amejificha vizuri zaidi kuliko alipokuwa kichakani.

Kwa hivyo maandishi ndiyo yenye kazi. Mgongoni, kwa herufi kubwa za urefu wa kiganja: RUBANI WA DRONI. Kwa Kiswahili kwanza, kwa sababu wanaohitaji kusoma ni watu wa mtaa. Kifuani, namba ya usajili wa droni na simu ya biashara, siyo nembo ya kampuni ya betri. Baadhi ya marubani huandika pia kwamba wasisemeshwe wakiwa kazini. Nawaelewa, lakini mgongo unaosema "usinisemeshe" mbele ya nyumba ya mtu una utovu wa adabu ndani yake. Andika "Subiri nitue, tuzungumze" na maana itakuwa ileile.

Marubani wenyewe wana pingamizi, na lililo zito ni kwamba kizibao huita watu. Hilo ni kweli. Ukisimama ufuoni na riflekta na kidhibiti, dakika mbili hazipiti kabla hujazungukwa na watoto, kisha mzee atakayetaka kujua bei, kisha kijana atakayetaka kujaribu. Wakati huo droni iko mita 100 juu, kusi inavuma kutoka baharini na kuisukuma kuelekea minazi, na kunguru wa Mombasa, ambao hawaogopi kitu, wameshaanza kuifuata. Rubani akigeuza kichwa kujibu salamu ameipoteza. Hatari hiyo ni kubwa kuliko ya mtu kutomjua.

Dawa yake ni mtu wa pili. Wanaofanya kazi hii kwa makini huwa na mwangalizi, mtu anayesimama kando ya rubani kutazama anga na mazingira huku mwenzake akiongoza. Mwangalizi huyo ndiye azungumze na watu. Na kama kizibao ni kimoja tu, mimi ningempa yeye, siyo rubani. Atasimama hatua tano mbele, watu watamjia yeye, na atawaeleza: tunapiga picha za jengo lile, dakika kumi tunamaliza, nyumba yako haimo. Rubani abaki na anga lake. Nimeona wengi wakilikataa hili kwa sababu ya gharama, maana mwangalizi naye ni wa kulipwa. Lakini arusi ambayo mpiga picha anadai maelfu mengi kwa "picha za juu" inaweza kumlipa kijana mmoja wa kusimama na kuamkia watu.

Wanaorusha droni Mida au kwingine penye ndege wa majini watasema rangi kali huwatisha ndege. Droni yenyewe huwatisha zaidi, na ndani ya hifadhi za taifa hairushwi bila idhini ya shirika la wanyamapori. Waandishi wa habari ndio walio na neno la kweli: penye maandamano, vazi la kung'aa laweza kumfanya rubani awe shabaha ya kila upande. Hao siwezi kuwalazimisha nikiwa kitini kwangu.

Sitaki sheria ya taifa inayomlazimisha kila mtu. Mkulima wa Tezo anayetazama korosho zake mwenyewe kwa droni, hakuna jirani karibu, avae kizibao kwa ajili ya nani? Na sheria ambayo haitafuatwa tunazo za kutosha. Nguvu iko kwa anayelipa. Ukimwajiri mpiga picha wa arusi, yaweke kwenye mapatano: nionyeshe usajili na ruhusa ya eneo hili, uje na mwangalizi, muwe na vizibao vilivyoandikwa, uniambie utasimama wapi, na uwaarifu majirani wa pande zote nne kabla ya siku. Kamati ya msikiti inayotaka picha za Maulidi iseme hivyohivyo. Hoteli pia, na ofisi za kaunti zinazotoa vibali vya kupiga filamu. Kumbuka ile kanuni ya mita 50: wageni wako waliokubali kupigwa picha ni jambo moja, nyumba ya jirani ambaye hakualikwa ni jambo jingine, na ukubali wako wewe haumfungi yeye.

Nasi tulio chini tuna adabu yetu ya kujifunza. Ukimwona mwenye kizibao, usimshike mkono. Usimpokonye kidhibiti: droni haitatoweka kwa hilo. Nyingi za kamera zikipoteza mawasiliano huelea kidogo kisha hurudi zenyewe zilipoanzia, na njiani zinaweza kugonga waya au mnara. Usiitupie mawe, kwa sababu jiwe litashuka na droni pia itashuka, na chini kuna watoto wanaotazama juu. Betri ya droni ndogo ni ya nusu saa au pungufu yake. Simama pembeni mwake mahali anapoweza kukuona, mwambie kwa sauti ya kawaida kuna nini, na kama ni jambo la stara aitoe hapo mara moja. Mengine yangoje atue. Akikataa kukuonyesha usajili, chukua namba iliyo kifuani pake upige simu polisi. Kama hakuna namba, umeshajua uko na mtu wa aina gani.

Yule rubani wa alasiri ya hina nimekutana naye tena, ufuo wa umma wa Jomo Kenyatta, siku ya Jumapili iliyojaa watu. Alikuwa amesimama penye boti za kutembeza wageni, kizibao cha chungwa, maandishi mgongoni, na hakuniona kwa kuwa macho yake yalikuwa angani panapostahili. Aliyeniona ni mwenzake, kijana mrefu mwenye kizibao kama hicho, akanijia kabla sijafika.

"Shikamoo ami. Twarusha dakika kumi, kutoka hapa mpaka kwenye zile boti, hatuendi juu ya watu. Ruhusa hii hapa." Akanionyesha simu yake. "Kuna lolote la kutwambia?"

Nikamwambia kuna kunguru.